Kikombe cha Ukurasa wa Mwisho

Ukitaka kumweleza mtoto wa Gredi ya Tatu kioo hutoka wapi, usianze na mchanga. Anza na githeri.

Mtoto wa huku kwetu anajua magadi. Amemwona mamake akitia kidogo kwenye sufuria ili mahindi magumu ya githeri yaive haraka. Basi mwambie hivi: mchanga ni mgumu kuliko mahindi, na moto wa kawaida hauuwezi, lakini ukiutia magadi unakubali kuyeyuka. Halafu tia chokaa, la sivyo kioo chako kitalainika majini kama sabuni. Mtoto ataitikia kwa kichwa, ataenda nyumbani na kumwambia mamake kwamba amebakisha mchanga tu awe fundi. Maelezo hayo mafupi niliyapata baada ya kurarua kurasa kumi na moja nilizoandika kama mtu anayefanya mtihani wa kemia.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaokuja kwangu mkitaka kuwatungia watoto vitabu vya kazi za mikono. Wengine mnataka kuandika juu ya useremala, wengine juu ya ufugaji wa nyuki, na kuna mmoja wa juzi anayetaka kuandika juu ya kuchomelea mageti. Nyote mnaniuliza siri. Nimeandika vitabu vinne vya watoto kuhusu kioo. Vitatu navionea fahari, na sioni haya kusema kwamba ni vizuri. Kimoja kina ukurasa ambao nisingependa kuufungua tena, lakini nitaufungua hapa, kwa sababu huo ndio unaoweza kuwafaa kuliko ile mingine yote.

Kabla ya kushika kalamu nilishika bomba. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi katika karakana iliyokuwa kando ya barabara karibu na Gilgil. Tulikuwa tunakusanya chupa na vioo vilivyovunjika, tunaviyeyusha, tunatengeneza glasi, vikombe na vifuniko vya taa. Aliyenifunza kupuliza ni Mzee Swaleh. Alizaliwa Nakuru mjini, lakini babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mstari wa rula. Siku yangu ya kwanza nilipuliza bomba kwa nguvu zangu zote, na kile kitone cha kioo mwishoni kikapasuka na kuning'inia kama soksi.

"Njuguna," akaniambia, "unapuliza kioo au unapoza chai?"

Kazi yake ilikuwa ya utaratibu mmoja usiobadilika. Kikombe kikishakatwa kutoka kwenye bomba, kinawekwa kidogo juu ya kitanda cha majivu, kisha kinabebwa kwa koleo hadi kwenye tanuri dogo la kupoza. Humo kinapoa polepole hadi kesho yake. Tanuri hilo tulikuwa tunaliita wodi. "Huyo amelazwa," tulikuwa tukisema, na mteja mwenye haraka aliambiwa mgonjwa hajaruhusiwa. Kikombe kisicholazwa hupasuka chenyewe mezani, pengine baada ya wiki nzima, hakuna aliyekigusa. Niliona mara nyingi.

Kuandika kulinijia kwa hasira. Shule moja ya Gilgil ilinialika niwaeleze watoto kazi yetu. Mwalimu akaleta kitabu kilichotolewa msaada kutoka ng'ambo. Ndani yake kulikuwa na fundi mwenye ndevu akipuliza kioo, na nje ya dirisha lake theluji imejaa hadi magotini. Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, kwani huko nje wamemwaga unga?" Darasa likacheka, halafu kijana mwingine akasema kwa uhakika kabisa kwamba kioo hutengenezwa kule kwenye unga, na huku kwetu hatuwezi.

Nilitoka nje ya darasa hilo nikainama. Pale uwanjani, katikati ya nyasi, kulikuwa na vipande vya lile jiwe jeusi linalong'aa, lililotapakaa kote Gilgil hadi upande wa Naivasha. Watoto hulirusha kwa kombeo kila siku. Nikarudi nalo ndani. Nikawaambia, hiki ni kioo. Kilipikwa na mlima kabla hapajakuwa na mtu wa kukipuliza, na watu wa kale wa bonde hili walikichonga wakapata visu. Kitabu changu cha kwanza kilitoka hapo. Wiki ile watoto walijaza mifuko ya kaptura mawe hayo hadi mifuko ikakatika, na mwalimu mkuu akanitumia salamu ambazo hazikuwa za pongezi.

Kitabu hicho cha kwanza nilimsomea Mzee Swaleh kila ukurasa, yeye akiwa na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa anafuta kwa furaha. "Hapa unajisifu." "Hapa umeruka hatua." "Hapa hata mimi sijaelewa, na mimi ndiye niliyekufunza." Kitabu cha pili nilimsomea nusu. Cha tatu nilimpelekea kikiwa kimeshachapishwa, bado kinanukia wino.

Msinielewe vibaya, nilikuwa nimejifunza mengi ya haki. Mhariri wangu, Bi Nyambura, ambaye alikuwa na ofisi ndogo mjini Nakuru juu ya duka la vitambaa, alinifunza kwamba kitabu cha mtoto husomwa kwa sauti, kwa hiyo lazima mwandishi akisome kwa sauti kwanza. Nikawa naenda shuleni na karatasi zangu, nasoma, huku naangalia miguu. Mtoto wa Kenya hatakwambia kwamba ukurasa wako unachosha. Ana adabu. Lakini miguu yake itaanza kukunana chini ya dawati. Pale miguu ilipoanza, nilichora mstari, na nikifika nyumbani nilikata. Mpaka leo sijapata mhariri mkali kuliko miguu ya Gredi ya Tatu.

"Sentensi moja, jambo moja, fundi," Bi Nyambura alikuwa akisema. "Na ukurasa wa mwisho uwe na furaha. Mtoto afunge kitabu akitabasamu."

Hayo ni maneno mazuri. Niliyatumia vibaya.

Kitabu cha tatu kilifuata kikombe kimoja tangu chupa iliyovunjika hadi mwisho. Kwenye ukurasa wa mwisho nilitaka furaha. Safari ya wodi ilikuwa ndefu: koleo, tanuri, kungoja hadi kesho. Miguu ilikuwa imekunana hapo. Nikaikata safari hiyo. Nikaandika: "Wekundu umeisha. Kikombe kiko tayari!" Mchoraji akamchora fundi akikiinua kikombe kwa mikono mitupu, meno yote nje.

Mtu aliyewahi kukaa kando ya tanuri atashangaa niliwezaje. Kioo kikiacha kuwa chekundu hakijapoa. Kimeacha tu kuonyesha. Kikombe kinachoweza kukutoa ngozi na kikombe cha juzi kabatini vinafanana kama mapacha, na hili ndilo jambo la kwanza kabisa ambalo mwili wa fundi hujifunza. Unalijifunza kwa kidole, halafu hulifikirii tena, kama vile hufikirii kupumua. Ndiyo maana sikuliandika. Nilikuwa nalijua sana hata nikasahau kwamba kuna mtu asiyelijua.

Mzee Swaleh alikisoma kitabu akiwa amesimama, hadi mwisho. Akakigeuza, akaangalia jalada, akarudi tena kwenye ule ukurasa.

"Kikombe hiki," akasema, "nani amekipoza?"

"Mzee, hiyo ni picha tu."

"Nauliza nani amekipoza."

"Watoto wanajua ni hadithi."

"Mtoto hajui hiyo 'tu' yako, Njuguna. Mtoto anajua picha." Akanirudishia kitabu. "Waambie wachapishaji wakirudishe."

Sikuwaambia. Vitabu vilikuwa vimeshafika shuleni, Bahati, Gilgil, Njoro hadi Molo. Walimu walikuwa wananiita mwandishi, na hata pale karakanani mteja mmoja alikuwa ameniomba nipige naye picha. Nilijiambia Mzee ananionea wivu. Naandika hili kwa mkono wangu ili mlione lilivyo dogo. Muhula mzima ukapita, na kila nilipopita karibu na tanuri yeye alikuwa ananitazama.

Halafu shule moja ya Bahati ikaomba kutembelea karakana. Walikuja watoto wa Gredi ya Nne, na kila wawili walikuwa na nakala moja ya kitabu changu hicho. Nikasimama mlangoni kama mwenye mahali. Nikakumbuka sentensi moja, jambo moja, nikawaambia kwa sauti ya kitabu: "Sikilizeni. Msiguse kitu chochote chekundu."

Mzee Swaleh alipuliza kikombe mbele yao, na watoto wakashangilia kila alipogeuza bomba. Akakikata, akakiweka juu ya majivu, akageuka kuchukua koleo na kufungua mlango wa wodi. Mahali pangu palikuwa kati ya watoto na kile kitanda cha majivu. Lakini mwalimu wao alikuwa amenisogezea nakala yake niitie sahihi, nami nikapiga hatua mbili kando kutafuta kalamu.

Nilisikia sauti kabla sijainua kichwa. Msichana mmoja, Wairimu, mdogo wa umbo, mwenye sweta lililorefushwa mikono, alikuwa amekishika kikombe na kukiachilia. Kikavunjika sakafuni. Yeye alikuwa ameukunja mkono tumboni.

Mzee Swaleh alifika kwanza. Akambeba hadi kwenye mfereji, akaweka ule mkono chini ya maji yanayotiririka, akaushikilia hapo. Mfanyakazi mmoja akaja mbio na dawa ya meno, mwingine na mafuta ya kupikia.

"Toa hayo!" Mzee akafoka. "Maji tu. Maji mengi, na muda mrefu. Halafu hospitali."

Mwalimu, kwa hofu, akaanza kumkaripia mtoto. "Wairimu! Si mliambiwa msiguse?"

Naye akajibu, meno yakigongana, "Tuliambiwa tusiguse nyekundu. Hiyo haikuwa nyekundu."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Bado nilikuwa na kalamu. Ningeweza kusema neno hapo hapo. Sikusema. Mwalimu akaendelea kusema mtoto ni mtundu, na mimi nikanyamaza, na wale wenzake arobaini wakanisikia nikinyamaza.

Aliungua vidole vitatu na kiganja cha mkono wa kulia. Daktari alisema vidole vitafanya kazi, ila kovu litabaki. Nilipopata habari hiyo nilienda kwa Mzee Swaleh nikitarajia anipasulie ukweli. Alikuwa anafagia vile vipande.

"Unataka nikuambie nilikuonya," akasema. "Sikwambii. Mimi pia niligeuka nikamwacha na kikombe. Hayo ni yangu, nitayabeba. Wewe yako unayabeba wapi?"

Jumamosi niliyabeba Bahati. Nilichukua kitabu changu na sikuchukua kitu kingine, kwa sababu niliogopa kwamba nikienda na unga na sukari, nitapewa chai, nitaambiwa ni ajali, nami nitakubali. Mama Wairimu alikuwa anachambua maharagwe uani. Mtoto alikuwa kando yake, mkono umefungwa bandeji nyeupe, anachambua kwa mkono wa kushoto.

"Karibu, mzee," mama akasema. "Pole kwa usumbufu. Huyu tumeshamwambia. Mikono yake haitulii."

"Mama, naomba nikusomee kitu."

Nikasoma ukurasa wa mwisho. Nikamwonyesha yule fundi mwenye meno. Nikamweleza kwamba kikombe cha namna ile bado kina moto wa kuchoma nyama, kwamba mimi ndiye niliyeandika, kwamba niliambiwa kimekosewa kabla ya mwanawe kuungua na nikakaa kimya muhula mzima, na kwamba pale mlangoni nilirudia kosa lile lile kwa mdomo wangu.

Aliacha kuchambua. Akamwangalia mtoto, akaniangalia.

"Ngoja nielewe," akasema. "Kwa hivyo mtoto wangu ameungua kwa sababu anasoma vizuri?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukamwacha aitwe mtundu."

"Ndiyo."

Sikualikwa ndani, na ilikuwa haki. Akasema, "Huko shuleni wanamwita Mkono-Jiko. Hataki kwenda. Mimi nikisema hayo yako, watasema namtetea mtoto. Jumatatu kuna paredi. Utakuja uyaseme wewe, na hicho kitabu mkononi."

Nilipoinuka Wairimu aliniuliza jambo moja tu: "Kwani wewe ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua," nikamwambia. Akarudi kwenye maharagwe yake.

Baadaye kulikuwa na kazi nyingine, na nawaeleza hapa kwa sababu itawafaa siku yenu ikifika. Nilienda kwa Bi Nyambura. Naye alishtuka kweli, lakini akasema tutasahihisha toleo lijalo. Nikamwambia watoto hawasomi toleo lijalo, wanasoma hiki kilicho dawatini. Alinitazama, akafungua droo, akanipa orodha ya shule zote na chupa mbili za gundi. Tukachapisha vipande vya karatasi vya ukubwa wa ile picha. Rasimu yangu ya kwanza ya onyo ilikuwa na mistari kumi na miwili, na Mzee Swaleh, ambaye penseli yake ilikuwa imerudi nyuma ya sikio, alibakisha hii: "Kioo cha moto na kioo baridi vinafanana. Hata fundi hawezi kujua kwa macho. Uliza kwanza." Nikazunguka shule moja baada ya nyingine, nikibandika kwa mkono wangu. Mlima wa Mau ni baridi asubuhi, gundi inakataa kushika, unaipasha kwapani. Mwalimu mmoja wa Molo aliniuliza kwa nini nisitume tu barua. Nikamwambia barua ingefunguliwa na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hashiki vikombe. Nakala chache sikuzipata. Zilikuwa zimechanika au zimekwenda nyumbani na watoto. Ninajua idadi yake na shule zilizokuwa nazo, na sijaacha kuuliza.

Lakini kabla ya gundi kulikuwa na Jumatatu.

Shule nzima ilikuwa imepanga mistari kwenye vumbi. Wairimu alikuwa katikati ya mstari wa Gredi ya Nne, ameingiza mkono wa bandeji ndani ya sweta. Mamake alisimama langoni, hakusogea karibu. Mwalimu mkuu akanitambulisha kuwa ni mwandishi mashuhuri aliyekuja kuwapa nasaha juu ya usalama. Nikaanza kwa kumsahihisha. Nikasema sikuja kutoa nasaha. Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikauinua juu ili hata wa nyuma waone, nikasema sentensi hii ni ya uongo, na aliyeiandika ni mimi. Nikasema Wairimu alifanya kama alivyosoma na kama alivyoambiwa mlangoni, na aliyemwambia mlangoni ni mimi.

Halafu kijana mmoja wa mstari wa nyuma akauliza kwa nguvu, kama watoto wanavyouliza jambo la mpira, "Kwa hivyo Wairimu alikuwa sawa?"

"Alikuwa sawa," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea."

Minong'ono ikapita kwenye mistari. Vichwa vikamgeukia. Nilidhani atainama. Badala yake aliutoa ule mkono wa bandeji ndani ya sweta, akauinua juu, wote wauone, kama anavyoinua mtoto anayetaka kuuliza swali darasani.

"Ndiyo, Wairimu," nikasema.

"Na hizo kurasa zingine?"

Mwalimu mkuu alitaka kumnyamazisha, nikamwomba asifanye hivyo. Nilitazama kile kitabu nilichokuwa nimekishika. Kurasa ishirini na nne, na hakuna hata moja ambayo mtoto yule alikuwa na sababu ya kuniaminia tena.

Niliomba kiti. Gredi ya Nne wakaruhusiwa kubaki, wakaketi chini wakinizunguka, Wairimu mbele. Akakifungua kitabu kwa mkono wake wa kushoto, akakiweka katikati yetu, akaanza kunisomea kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza. Kila alipofika mwisho wa sentensi alinyamaza, akaniangalia, akangoja.